Ng'ombe akinywa maji lamboni akaondoka, yumo ndani ya mfumo ikolojia au hayumo? Walimu na wadau njooni hapa

#1 MwalimuWaLambo
Wakuu, salaam. Nafundisha Sayansi darasa la sita, upande wa Busega, kati ya ziwa na pori. Wiki iliyopita niliwatoa wanafunzi wakachunguze lambo lililo nyuma ya shule, halafu warudi watengeneze modeli ya mfumo ikolojia wake, yaani viumbe na mazingira wanayotegemeana nayo, kwa maboksi, udongo na vijiti. Nikawapa kamba za katani na vigingi, nikawaambia: zungusheni mpaka wa mfumo wenu. Kilicho ndani tutakionyesha kwenye modeli, kilicho nje tutakiacha.

Nilijua ni kazi ya dakika kumi. Kundi la kwanza wakapiga vigingi pale maji yanapoishia. Kundi la pili wakasogea hadi mwisho wa matope, maana kwenye matope kulikuwa na nyayo za yangeyange na vyura wamejificha. Kundi la tatu wakaanza kupanda kilima, kamba ikawaishia njiani. Wakiwa bado wanabishana, mifugo ikashuka kunywa. Ng'ombe mmoja akavuka kamba, akanywa akashiba, na wakati wa kuondoka akaangusha kinyesi juu ya kamba yenyewe, nusu ndani, nusu nje. Watoto wakaangua kicheko. Binti mmoja hakucheka. Alichuchumaa akakitazama, akaniuliza: "Mwalimu, huyu ng'ombe yumo au hayumo? Nyasi kala kule mlimani, maji kanywa hapa, maziwa yanaenda nyumbani kwetu."

Sikuwa na jibu. Nimemwahidi Jumatatu. Kitabu kinatupa mnyororo wa chakula, jua, jani, panzi, chura, nyoka, lakini mahali mfumo unapoanzia na kuishia hakigusi. Mpaka unawekwaje? Na mtoto wa miaka kumi na miwili unamwelezaje bila kumdanganya?

#2 Mkulima_Magu
Hayumo. Huyo ni mpita njia. Kinyesi kimo. Uzi ufungwe.

#3 DadaSengerema
Mkuu #2, anayekuja kila siku saa sita mchana, akaondoka na ndoo nzima ya maji tumboni na akaacha mbolea, huyo si mpita njia. Huyo ana hisa.

#4 Mnazi_Mkinda
Mwalimu, mpe hongera huyo binti. Neno lenyewe la mfumo ikolojia lilianza kuchapishwa mwaka 1935, na mtaalamu wa mimea Mwingereza, Arthur Tansley. Na tangu siku ile alikiri kwamba mifumo hii tunaitenga kwa akili zetu ili tuweze kuichunguza. Katika dunia yenyewe inaingiliana na kupandana. Kwa hiyo mpaka anauweka anayechunguza, na anauweka kulingana na swali lake.

Swali likiwa "viluwiluwi wanaliwa na nani?", kamba ya kundi la kwanza inatosha kabisa. Likiwa "kwa nini maji yanageuka kijani?", lazima ng'ombe aingie, na mteremko wote unaoshusha samadi mvua ikinyesha. Ukimwuliza mtoto yumo au hayumo kabla hujamwambia mnatafuta nini, umemtega.

#5 FundiMaji
Napingana na #4 kwa heshima. Tukisema kila mtu aweke mpaka kwa swali lake, watoto arobaini watarudi na mipaka arobaini. Mpaka wa asili upo: ni bonde. Simama ukingoni mwa lambo, panda mteremko huku ukijiuliza, "Nikimwaga ndoo hapa, maji yataelekea lamboni au kwingine?" Pale yanapobadili uelekeo ndipo penye mpaka. Kundi la tatu ndilo lililopatia, walikosa kamba tu.

Na wataalamu wamefanya hivyo. Kule Hubbard Brook, New Hampshire, Marekani, tangu mwaka 1963 walichukua mabonde madogo ya msituni, kila moja na kijito chake, wakapima kinacholetwa na mvua na kinachotoka kijitoni. Bonde moja wakakata miti yote, wakaona rutuba inavyokimbia na maji. Bila mpaka wa bonde wangepima nini?

#6 Mvuvi_Msomi
#5, kwa kijito cha mlimani nakubali. Njoo huku ziwani sasa. Maji mengi ya Ziwa Victoria, asilimia 80 hivi, huingia kwa mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, na mengi hutoka kwa kugeuka mvuke. Mito yote ukiijumlisha, Kagera ikiwemo, ni sehemu ndogo. Bonde lako linakwambia habari za udongo na mbolea, ila maji yenyewe mpaka wake uko angani.

Na gugu maji je? Lilishuka na Kagera kutoka Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana ziwani. Hapo bonde linakupa jibu zuri. Sangara naye kaletwa na watu, bonde halina la kusema. Ziwa moja, majibu matatu.

#7 FundiMaji
#6 umenibana kwenye mvua. Kwenye udongo sitoki.

#8 Daktari_wa_Mifugo
Mwalimu, uko jirani na Serengeti, basi tumia kisa cha sotoka, ule ugonjwa wa virusi wa ng'ombe. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi na sijaona mfano bora kuliko huu wa "ng'ombe yumo au hayumo".

Sotoka iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890. Iliua ng'ombe, ikaua nyati na nyumbu. Ikabaki. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 tukachanja ng'ombe waliozunguka pori. Tukachanja ng'ombe tu, hakuna aliyemshika nyumbu akamdunga sindano. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika milioni 1.3 hivi. Sasa chora modeli yako ya Serengeti, weka mpaka kwenye mpaka wa hifadhi, ng'ombe wote uwaache nje. Utaeleza vipi nyumbu kuongezeka mara tano? Utatafuta sababu ndani ya kamba yako hadi jua lizame.

Na haikuishia hapo. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, moto wa nyika ukapungua, miti ikapata nafasi ya kuota. Mti wa leo Serengeti una mkono wa sindano ya ng'ombe. Sotoka yenyewe ikaisha duniani kabisa mwaka 2001.

#9 Mwana_wa_Meru
Daktari, nisahihishe kidogo hapo mwisho. Mwaka 2001 ndipo walipoonekana wagonjwa wa mwisho, nyati wa Hifadhi ya Meru huku kwetu Kenya. Dunia kutangazwa huru na sotoka ilikuwa 2011.

#10 Daktari_wa_Mifugo
#9 uko sahihi, asante.

#11 MhifadhiMstaafu
Daktari kanitangulia. Naongeza vipimo, kwa sababu watu huchanganya. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ni kilomita za mraba 14,763. Ule mfumo ikolojia tunaouita Serengeti ni kama 25,000, na aliyeuchora ni nyumbu. Watafiti walifuata anakozalia, nyanda za kusini zinazoingia hadi eneo la Ngorongoro, wakafuata anakokimbilia kiangazi, hadi Maasai Mara, wakasema mfumo ni pale nyumbu anapopita kwa mwaka mzima. Kwa hiyo #4 na #5, kuna aina ya tatu ya mpaka: mpaka wa mnyama.

Na kisa kingine. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka. Theluthi moja walikufa, karibu elfu moja. Kirusi kilichowapata ni cha ugonjwa wa mbwa, na mbwa wa vijijini, nje ya hifadhi, walikuwa wengi. Kazi ya chanjo ikahamia kwa mbwa.

#12 Kupe_Sugu
#11, kisa ni hicho, ila sababu si moja. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mkali, nyati wakadhoofu wakajaa kupe. Simba waliowala wakapata vijidudu vya damu vinavyoenezwa na kupe, halafu kirusi kikawakuta tayari wana hali mbaya. Vipimo vya damu vilionyesha kirusi kile kimewahi kupita miaka mingine bila vifo vingi. Kwa hiyo modeli ya mbwa peke yake nayo ina mpaka mfinyu. Hali ya hewa umeiweka wapi?

#13 MhifadhiMstaafu
Ni kweli, ukame ule naukumbuka. Nyati walikuwa mifupa mitupu.

#14 KijanaKaratu
Wakuu, mnajitesa. Mfundishe Ngorongoro. Kreta ina ukuta wa mita 600 pande zote, sakafu kilomita za mraba 260 hivi. Bakuli. Mpaka Mungu keshauweka.

#15 Mnazi_Mkinda
#14 bakuli hilo lina matundu. Mwaka 1962 mvua zilizidi, nzi wa kuuma wakazaliana kupita kiasi, simba wa kreta wakapungua kutoka makumi hadi kama kumi tu. Madume wachache wakaingia kutoka nje, na vizazi vilivyofuata vimetokana na hao wachache, ndiyo maana watafiti waliwafuatilia kwa ajili ya undugu wa damu. Ukiwachora simba bila mlango, huwezi kueleza damu yao.

#16 KijanaKaratu
Na twiga je? Twiga hashuki kreta. Kwake ule ukuta ni mpaka kwelikweli.

#17 DadaSengerema
Hapo #16 kanifungua macho. Kwa hiyo mpaka mmoja kwa twiga ni ukuta, kwa simba ni mlango mwembamba, kwa nzi hakuna kitu.

#18 BiMikoko
Hamjambo wa bara. Mie ni wa pwani, nawafundisha watoto wa kidato cha kwanza, na sisi mpaka wetu hutembea. Mkokoni maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Na hata huko kujaa si kumoja: siku za bamvua maji hupanda mpaka kwenye mikoko ya nyuma kabisa karibu na minazi, siku za maji mafu hayafiki hata nusu. Sasa kamba ya katani nifunge wapi?

Nilichofanya: tulichukua vijiti vitatu. Kimoja pale maji mafu yanapofika, kimoja pale bamvua linapofika, cha tatu kwenye maji yakipwa kabisa. Kila kundi likaorodhesha walio kati ya vijiti. Chaza kwenye mizizi, wanafunikwa na kufunuliwa. Kaa, wanafuata maji na kurudi. Changu wadogo huingia na maji yakijaa, hutoka yakipwa, na wakikua hawarudi tena, wanakwenda mwambani. Mwanafunzi mmoja akaandika kwenye daftari: "Samaki huyu yumo saa sita, saa kumi na mbili hayumo." Nikampa alama zote.

#19 Mkulima_Magu
#18 basi ng'ombe wa Busega naye yumo saa sita mchana, jioni hayumo. Nabadilisha jibu langu la #2.

#20 DadaSengerema
Mkulima karudi na hisa zake 😂

#21 Mtoto_wa_Uvira
Jambo ndugu zangu. Niko Lexington, Kentucky, Marekani, mtoto wangu wa pili yuko darasa la saba hapa. Huku jambo hili wanaulizwa waziwazi. Viwango vya sayansi vya mwaka 2013 wanavyovitumia vinataka mtoto atengeneze modeli ya namna maada inavyozunguka na nishati inavyopita ndani ya mfumo ikolojia, na vinasisitiza aeleze mipaka ya mfumo wake. Wangu alipewa chupa kubwa: mchanga, maji, mmea wa majini, konokono wawili. Akafunga kifuniko, akazungushia gundi ya karatasi. Akasema, "Baba, huu wangu una mpaka, hakuna kinachoingia." Nikaisogeza chupa dirishani, nikamwuliza, "Na huu mwanga?" Akanyamaza. Siku ya pili akaongeza mshale wa manjano unaoingia na mshale mwekundu wa joto linalotoka. Maada imefungwa, nishati inapita. Niliona ameelewa kuliko mimi nilivyoelewa nikiwa na umri wake.

#22 Zege_na_Nondo
#21 hiyo chupa wakubwa waliijaribu pia. Arizona, jengo la vioo linaitwa Biosphere 2. Mwaka 1991 watu wanane waliingia wakafungiwa humo na msitu, shamba, hata bahari ndogo. Oksijeni ikaanza kushuka, kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 14, mpaka ikabidi waongezewe kutoka nje. Ilikuwa inakwenda wapi? Udongo ulikuwa na mboji nyingi, bakteria wakawa wanapumua kupita uwezo wa mimea. Hewa ya kabonidayoksaidi iliyotoka nayo haikuonekana yote, kwa sababu zege la kuta lilikuwa linainyonya. Mimi ni fundi wa ujenzi, zege nalifahamu, na bado nilishangaa. Walihesabu kila mdudu aliye ndani, ukuta wenyewe wakauona ni mpaka tu. Kumbe ukuta nao ulikuwa mshiriki.

#23 MwalimuMkuu_Msaidizi
Nawasoma kwa makini, lakini tuwe wakweli. Nina watoto 94 darasa moja na vipindi vya dakika arobaini. Mtoto wa darasa la sita akianza na "mpaka unategemea", anakosa pa kushika. Mimi nawapa mpaka, nauchora mwenyewe ubaoni kwa chaki nyekundu, wanajaza ndani: wazalishaji, walaji, wanaoozesha. Wakishazoea ndipo wengine wenye maswali nawafungulia. Si kwamba siyathamini maswali. Naogopa wale sabini ambao hawajaelewa hata mzalishaji ni nani.

#24 TichaNakuru
#23 nakuelewa, mimi pia darasa langu limejaa. Nafundisha Sayansi Jumuishi gredi ya 8. Lakini jaribu hili, halichukui muda. Mpaka uchore wewe, sawa. Halafu kila kundi lazima liweke angalau mshale mmoja unaoingia na mmoja unaotoka, na liandike juu ya mshale ni nini kinachopita: maji, chakula, mnyama, joto. Wakikosa mshale wanarudi kutazama tena. Mpaka unabaki wako, uchunguzi unakuwa wao.

Na huku Nakuru tumeona kwa macho. Hifadhi ya ziwa ina uzio pande zote. Maji yalipopanda, ziwa likameza barabara na lango la zamani. Maji yalipozidi kuwa mengi chumvi ikapungua, mwani unaoliwa na ndege heroe (flamingo) ukapungua, heroe wengi wakahamia Bogoria. Wanafunzi wangu huuliza, uzio ulikuwa wa nani? Ulizuia faru kutoka. Haukuzuia mto kuleta maji wala heroe kuondoka.

#25 Kamongo_Mkavu
Naona wote mmezungusha kamba juu ya ardhi. Mpaka wa chini je? Mwalimu, lambo likikauka, chimba. Upande wetu kamongo hujichimbia kwenye tope, akajifunika ute unaokauka kama karatasi, akalala humo miezi hadi mvua irudi. Bibi yangu alikuwa anagonga ardhi kwa mpini wa jembe, anasikiliza, anasema "hapa yumo". Ukiweka mpaka wa mfumo kwenye usawa wa maji, mwezi wa tisa utaandika kwamba lambo limekufa, na samaki yuko chini ya miguu yako.

#26 Mvuvi_Msomi
Kamongo wa kukaanga, wa kukaushwa kwa moshi… nimeshasahau mada.

#27 DadaSengerema
Kwetu wanawake hatukuruhusiwa kumla. Nilimwonja kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini, mama hajui mpaka leo.

#28 Kamongo_Mkavu
Rudini kwenye mada jamani, Jumatatu ya mwalimu inakaribia.

#29 MwalimuWaLambo
Wakuu, nimerudi, asanteni. Jumatatu tumeshuka tena lamboni. Nilichukua la #4 na la #24: nikawaomba kwanza wachague swali moja la darasa. Wakachagua: kwa nini mvua za kwanza zikinyesha maji yanapata utando wa kijani? Halafu nikawaambia kila kundi lipeleke kamba yake pale linapodhani swali hilo linafika.

Kundi la tatu walikuwa wameunganisha kamba na vipande vya kanga za mama zao, wakafika mgongoni mwa kilima, kama alivyosema #5. Wakapita njia ya mifugo wakihesabu kinyesi kikavu, wakaishia 112 wakachoka. Kundi la kwanza wamebaki ukingoni mwa maji na wanajitetea vizuri tu: wanasema ng'ombe ni mshale, si mkazi, na wamechora mishale miwili, kinyesi kinaingia, maji yanatoka yakiwa tumboni mwa ng'ombe. Yule binti yuko kundi hilo. Alipomaliza akaongeza mshale wa tatu, wa yangeyange: anakula wadudu wanaofurushwa na kwato hapa lamboni, anakwenda kulala mtini kwenye uwanja wa shule, na chini ya mti huo ndipo nyasi zilipostawi kuliko kwingine. Tulikwenda kutazama. Ni kweli. Miaka sita nimepita chini ya mti ule.

#23, nilihofia unachokihofia. Wapo kama kumi na watano waliopotea, hao nitawarudia kwa ubao na chaki nyekundu.

Sasa ana swali jipya, na nimewaletea tena: mwezi wa nane lambo likikauka, kamba tuiache pale pale au tuisogeze?

#30 FundiMaji
Pale pale. Bonde halihami kwa sababu ya kiangazi.

#31 BiMikoko
Isogezeni, mwanangu, na kila mkisogeza mwandike tarehe kwenye kigingi.

#32 Kamongo_Mkavu
Nendeni na jembe.